Kusoma saikolojia kwa masafa Kibiti, msiba ukiwa nyumba ya pili

Basi linalotoka Mbagala Rangi Tatu kwenda kusini halipati mwendo mpaka livuke Kongowe. Baada ya Vikindu na Mkuranga mikorosho inasogea karibu na barabara, minazi inaonekana nyuma yake, na kila linaposimama wachuuzi wanakimbilia madirishani na machungwa, mananasi na korosho zilizofungwa kwenye vifuko. Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, halafu Kibiti. Ni zaidi ya kilometa 100 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kwa msafiri wa Lindi na Mtwara, hapa ni pa kunyoosha miguu na kununua maji, safari iendelee.

Anayeshuka na kubaki ni mtu mwingine. Mchukulie mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, anayerudi Jumapili jioni na begi la mgongoni. Ndani mna unga wa watoto, dawa ya meno, na rundo la makaratasi aliyoyachapisha mjini kwa kuwa huko bei ni nafuu: mada za saikolojia ya makuzi, takwimu, mbinu za utafiti, nadharia za unasihi. Hapewi jina kwa sababu si mtu mmoja. Anaweza kuwa muuguzi wa zahanati au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hapa aitwe Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita.

Kilichomsukuma kusoma si cheo. Shuleni kwao, kama shule nyingi, kazi ya ushauri nasaha hupewa mwalimu anayeonekana mpole. Akapewa yeye. Kisha ikaja Aprili 2024, mto Rufiji ukafurika, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikaingia majini, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani upande wa Mafia. Wanafunzi waliporudi darasani wengine walikuwa wanalala kwa ndugu, wengine hawakutaka kusikia mvua ikigonga bati. Mwalimu mpole hakuwa na la kuwaambia zaidi ya pole. Pole ni neno zuri, lakini mtoto anayelia kila mawingu yakitanda anahitaji mtu anayejua afanye nini baada ya kusema pole.

Kuacha kazi miaka miwili akasome Dar es Salaam haikuwezekana. Ada ingetoka wapi, na watoto angemwachia nani?

Chuo kinachokuja nyumbani

Tanzania ilishajibu swali hilo zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kwa ajili ya watu wa aina hii hasa: walimu, wauguzi, askari, makarani, wazazi. Kina vituo mikoani, na mwanafunzi hufanya kazi yake huku akisoma kwa kasi anayoiweza. Anayetaka saikolojia yenyewe katika ngazi ya uzamili hutazama pia nje ya mipaka. Chuo cha Unisa cha Afrika Kusini kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. IGNOU ya India, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina shahada ya uzamili ya saikolojia inayosomwa kwa masafa.

Kuna mambo mawili yanayowaponza wengi hapa, na afadhali yajulikane kabla fedha ya ada haijatoka. La kwanza, shahada ya chuo cha nje inatakiwa itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na busara ni kuuliza mapema, si siku ya kupeleka cheti kwa mwajiri. La pili ni gumu zaidi. Uzamili wa saikolojia uliosomwa mezani haumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa tiba. Kutibu wagonjwa wa akili hujifunzwa chini ya msimamizi, kwa saa nyingi za kukaa na wagonjwa hospitalini, na hilo haliji kwa barua pepe. Kwa mwalimu wa unasihi, shahada hii ni ya kumfungua macho na kumpa njia ya kusikiliza. Anayetaka kuitwa mwanasaikolojia tiba bado ana safari nyingine mbele yake.

Nyumbani Kibiti chuo kina saa zake. Saa 10 usiku Mwalimu anaamka, anasoma mpaka adhana ya alfajiri, kisha anawasha jiko. Mchana ni wa shule. Jioni ni ya madaftari ya wanafunzi na ya mtoto wa mwisho ambaye hakubali kulala bila hadithi. Mumewe amejifunza kupika wali, na si kila siku unaiva vizuri, lakini haungui tena. Mama mkwe mwanzoni aliuliza mke wa mtu anasomea nini tena wakati ana kazi. Siku hizi huuliza mtihani ni lini.

Saa hiyo moja na nusu ya alfajiri inatosha kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba kinachosomwa husahaulika haraka sana katika saa za mwanzo, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushinda kukesha usiku mmoja. Kwa mtu mwenye watoto watatu hiyo ni habari njema, kwani kukesha hawezi hata akitaka.

Kitabu ndani ya dungu

Likizo ikifika familia inakwenda Delta kwa wazazi wa mume. Wanashika barabara ya Bungu hadi Nyamisati, panapoondokea boti za Mafia, na hapo wanasubiri maji. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki, na ndani yake ziko kata nzima za Wilaya ya Kibiti: Salale, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni, Msala. Mgeni huona kijani kimoja. Mwenyeji huona mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi, na anajua upi ni wa boriti na upi haufai hata kwa kuni. Katika mifereji hii meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha na hatimaye ikazamishwa Julai 1915.

Hapa ratiba ya chuo hukutana na ratiba ya bahari. Maji yakipwa, boti hukaa kwenye tope na hakuna wa kulaumiwa. Kazi ya chuo inayotakiwa kutumwa saa 6 usiku hutumwa pale mtandao unaposhika, na hushika kwenye kijia fulani karibu na msikiti, au katikati ya mkondo, kisha hukatika nahodha akikata kona. Mwanafunzi wa Delta hujifunza kutuma siku mbili kabla. Hakuna mkufunzi anayekubali sababu ya bamvua.

Msimu wa mpunga watu wengi huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda ndege na nguruwe pori. Mwalimu hupanda na makaratasi yake. Huko juu kuna upepo, kuna kivuli, na kazi yenyewe ni ya kuketi na kutazama, na kila baada ya muda kupiga kelele. Kati ya kelele moja na nyingine anasoma kuhusu watoto wa miji ya Ulaya na Marekani waliofanyiwa majaribio katika vyumba vyenye vioo, huku mtoto wa miaka tisa akifukuza ndege kwa kombeo bila kumkosea hata mmoja. Mada ya makuzi inasema mtoto wa umri huo anaanza kumudu kupanga mambo kwa mantiki. Huyu anajua jahazi lipi litaondoka na maji yapi.

Si kwamba vitabu vinadanganya. Viliandikwa na watu waliotazama watoto waliokuwa karibu nao, na Mwalimu naye anatakiwa kutazama walio karibu naye. Hapo ndipo masomo yalipoacha kuwa rahisi.

Asiyeitwa marehemu

Kati ya mwaka 2015 na 2017 maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalipita katika kipindi ambacho watu hapa bado hukitaja kwa sauti ya chini. Wenyeviti na watendaji wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa karibu na Jaribu Mpakani. Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku, ikaundwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, milango ikawa inafungwa mapema. Na zipo familia zilizosema ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi. Novemba 21, 2017 alitoweka Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiishi Kibiti na kuandika habari za mauaji hayo.

Mauaji yalikoma. Basi linapita Jaribu Mpakani saa yoyote, abiria wamelala. Lakini aliyefiwa bado amefiwa, na kuna ambaye hajui kama amefiwa.

Mchukulie jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mtu mzima ambaye mumewe hakurudi mwaka ule. Kiswahili chenyewe kinamkwama. Akisema marehemu, anamzika. Akisema yupo, anaulizwa yupo wapi. Katikati hakuna neno. Wengi hapa ni Waislamu. Mjane anajua eda yake ni miezi minne na siku kumi, lakini zihesabiwe kuanzia siku gani? Hakukuwa na maiti ya kuosha, wala kaburi, wala matanga ya watu kuja kukaa. Masheikh hutofautiana kuhusu muda wa kusubiri kabla aliyepotea hajahesabiwa kuwa amekufa. Katika kusubiri huko kuna shamba ambalo haliwezi kugawanywa, na mtoto wa kike anayetaka kuolewa na anauliza nani atakuwa walii wake.

Mwalimu alifungua makaratasi akitafuta jina la hali hiyo. Kwanza alikutana na hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969: kukana, hasira, kujadiliana, sonona, kukubali. Zimeingia kwenye semina nyingi kiasi kwamba wengi wamesahau kuwa mwandishi alianza kwa kuwasikiliza wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Jirani hakai katika hatua yoyote. Atakubali nini wakati hakuna aliyemwambia lolote? Halafu kuna ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, ulioingizwa rasmi mwaka 2022 katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili. Kwa mtu mzima unataka iwe imepita angalau miezi 12 tangu kifo. Kifo kipi? Na lipo dodoso la maswali 9 la kupima sonona, linalotumika dunia nzima na lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Linauliza mtu amejisikiaje katika wiki mbili zilizopita. Ni chombo kizuri, na zahanati nyingi zingefaidika nacho. Ila kumwuliza wiki mbili mtu anayesubiri tangu mwaka 2017 kunahitaji moyo.

Aliyemsaidia ni Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Miaka ya 1970 alifanya kazi na familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam na nchi jirani, wake waliokaa na picha ukutani bila kujua wavae nguo za msiba au la. Aliuita upotevu usio na uhakika, na mwaka 1999 akautolea kitabu. Anasema upo wa namna mbili: mtu kaondoka kwa mwili lakini bado yumo moyoni mwa nyumba, au yupo kwa mwili lakini akili imekwenda, kama babu aliyesahau majina ya wanawe. La maana kwa Mwalimu lilikuwa hili: Boss hamhesabu anayesubiri kuwa mgonjwa. Hali yenyewe ndiyo iliyoharibika. Wala hamlazimishi mtu kufunga ukurasa. Anaweza kushika mawili pamoja, huenda amekufa na huenda atarudi, na bado akalima, akaoza binti, akacheka.

Karatasi iliyoandikwa kuhusu wake wa marubani huko Marekani ilifika Kibiti kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na ikamkuta mtu wake.

Utafiti

Mwanafunzi mwenye bidii angefanya nini baada ya hapo? Angeandika pendekezo la utafiti, na Mwalimu aliandika: hali ya kisaikolojia ya familia zenye ndugu waliopotea Kibiti. Msimamizi aliyempata kwa video ya kukatakata hakulikataa. Alimuuliza maswali. Ukishamhoji mama huyo ukaondoka, usiku akiamka analia, ataita nani? Mtaalamu wa karibu yuko wapi? Mkiwa mnaonana kila siku kisimani, atawezaje kukukatalia?

Hilo la mwisho lilikaa. Maadili ya utafiti yanadai ridhaa, na ridhaa inadai mtu aweze kusema hapana. Mjini mtafiti ni mgeni. Anaondoka na dodoso lake. Kibiti mtafiti ni mwalimu wa mtoto wako, na mtoto wako ana mtihani mwezi wa kumi na moja. Pia kuna barua za vibali, kutoka halmashauri hadi mtendaji wa kata, hadi kijiji, hadi mwenyekiti wa kitongoji. Kwa mji uliopita yale, anayekwenda nyumba kwa nyumba akiandika majina hutazamwa mara mbili, hata awe na barua yenye mhuri wa nani. Wapo watakaosema woga huo umepitwa na wakati. Ni rahisi kusema hivyo kwa asiyekuwapo.

Akabadilisha mada. Sasa anatafiti jinsi walimu wanavyowasaidia wanafunzi baada ya mafuriko, jambo ambalo watu wanalizungumza mchana kweupe. Kati ya mifano anayoisoma ni ya Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 jijini Harare kuwafundisha bibi wa mitaani kusikiliza wenye mawazo mazito, wakiketi nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha wagonjwa walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar. Kibiti ina mabibi wa kutosha, na mabenchi ya mnazi pia.

Mitihani ikikaribia, kuna mzunguko mmoja ambao hucheka nao kila mwaka. Wanaosoma Chuo Kikuu Huria wanajua kituo cha Mkoa wa Pwani kiko Kibaha, na Pwani imeizunguka Dar es Salaam kama kanga. Mtu wa Kibiti akitaka kwenda makao makuu ya mkoa wake lazima atoke mkoani, apenye jiji zima kutoka Mbagala, ashike barabara ya Morogoro, aingie tena mkoani kwake. Wengi hupanga Temeke, karibu na barabara ya Kilwa. Vyovyote iwavyo, ni kulala mjini kwa ndugu siku mbili, na watoto kubaki.

Jirani bado huja jioni. Huja na ungo wake, wanakaa kwenye mkeka barazani wakichagua mchele, kila mmoja wa kwake. Siku nyingine humtaja, siku nyingine hamtaji. Mwalimu amejifunza kutokuuliza yupo au hayupo. Husema tu jina la mtu yule, bila marehemu mbele yake, na kumwacha jirani aendelee anapotaka. Hakuna kinachoandikwa.

"Mtihani lini, Mwalimu?"

"Jumatatu, dada. Naondoka kesho alasiri."

"Na baba yao?"

"Yuko Nyamisati, atarudi Jumanne maji yakijaa."

Jirani anapepeta, pumba zinaruka kuelekea uani. "Basi watoto waje walale kwangu. Yule mdogo nitamtolea hadithi mwenyewe."